Einthoven na Mchoro wa Moyo

Mwezi wa Julai, baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua inapoushika mji wa Nyeri, mgonjwa anayevuliwa shati ili apimwe moyo huanza kutetemeka. Misuli inayotetemeka hutoa umeme wake, na mashine haibagui: huuchora pamoja na ule wa moyo. Mpimaji asiyejua huweza kusoma maradhi pasipo maradhi. Kuitenga sauti ya moyo na makelele ya kando ndiyo kazi iliyotawala maisha ya Willem Einthoven.

Alizaliwa Semarang, kisiwani Java, tarehe 21 Mei 1860, mwana wa daktari Mholanzi. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mwaka 1870 mama akahamia Utrecht, Uholanzi, pamoja na watoto wake sita. Einthoven alisomea udaktari huko, na mwaka 1885 akateuliwa profesa wa Chuo Kikuu cha Leiden, akiwa na umri wa miaka 25.

Mwaka 1887 Augustus Waller alionyesha, mjini London, kwamba umeme wa moyo wa binadamu waweza kunaswa juu ya ngozi. Lakini chombo chake kilitumia zebaki, na zebaki ni nzito, hukawia kuyafuata mapigo. Einthoven hakuuamini mchoro ule. Alilipima kosa la chombo, akalisahihisha kwa hesabu, na mawimbi aliyoyapata akayaita P, Q, R, S na T. Madaktari wayaita hivyo hadi leo.

Baadaye aliunda chombo chepesi zaidi: uzi wa kwatzi uliopakwa fedha, mwembamba kuliko unywele, uliotundikwa katikati ya sumaku ya umeme. (Uzi huo ulipatikana kwa kuyeyusha kwatzi na kuivuta kwa mshale uliofyatuliwa!) Mashine yenyewe ilikuwa na uzani wa kilo zipatazo 270 na kuhitaji watu watano. Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu wa kushoto katika maji ya chumvi. Mwaka 1905 Einthoven aliunasa umeme wa wagonjwa kwa waya wa simu, kutoka hospitali iliyokuwa umbali wa kilomita moja na nusu.

Hofu nayo haikukosekana. Mwaka 1909 Bunge la Uingereza liliulizwa iwapo mbwa wa Waller, aliyesimamishwa katika maji ya chumvi, aliteswa. Kumbe umeme ulitoka kwa mbwa, haukumwingia. Leo hofu hiyo ina msingi zaidi, kwani mashine nyingi huchomekwa kwenye stima, na hazina budi kuundwa kwa namna ya kumtenga mgonjwa nayo.

Einthoven alituachia pia kanuni: mchoro wa kwanza ukijumlishwa na wa tatu, sharti upatikane wa pili. Walimu huifundisha kanuni hii kwa bidii, nami sina ugomvi nao. Ila nyaya za mikono zikibadilishana mahali, mchoro wa kwanza hupinduka juu chini na hesabu bado hukubali. Hilo huonwa na jicho la mpimaji, na ni nadra kulikuta katika maswali ya mtihani.

Tuzo ya Nobel alitunukiwa mwaka 1924. Alifariki Leiden tarehe 29 Septemba 1927.