FREDERICK LANCHESTER: MHANDISI ALIYETAFUTA CHANZO CHA MTETEMO

Askari aliyepata kusafiri kwa helikopta aina ya Mi-17 anajua kwamba chombo hicho hutetemeka tangu injini zinapowashwa hadi zinapozimwa. Abiria huzoea. Fundi haruhusiwi kuzoea, kwa kuwa ni wajibu wake kuutenga mtetemo wa kawaida na ule unaotangulia ajali. Hata ndege kubwa za abiria zitumiazo uwanja wa Kanombe, hapa Kigali, zina vipimo vinavyomwonyesha rubani kiasi cha mtetemo wa kila injini. Elimu hiyo ina waasisi wengi. Leo tunawasimulia wasomaji wetu maisha ya mmoja wao, Frederick William Lanchester wa Uingereza.

Lanchester alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1868 huko Lewisham, London, akiwa mtoto wa nne miongoni mwa watoto wanane wa msanifu wa majengo. Alisoma Southampton na London, lakini hakupata shahada. Mwaka 1889 aliajiriwa katika kiwanda cha injini za gesi mjini Birmingham, akaanza maisha yake ya kuchunguza mashine. Motokaa aliyoiunda kwa fikra zake mwenyewe ilitembea barabarani mwaka 1896. Injini yake ya kwanza ilikuwa na silinda moja. Iliyofuata ilikuwa na silinda mbili na mihimili miwili iliyozunguka kwa kupingana, ili mtikiso wa mmoja uufute mtikiso wa mwenzake.

Hapana budi kueleza kwa nini jambo hilo lilimshughulisha. Kila mlipuko ndani ya silinda huupindisha kidogo mhimili mkuu wa injini, kisha mhimili hujirudi kama kamba iliyosokotwa. Mapigo ya injini yakilingana na mwendo wa asili wa huko kujirudi, msokoto huongezeka pigo kwa pigo, mfano wa bembea inayosukumwa kwa wakati wake, mpaka chuma hukatika. Kuongeza unene wa chuma peke yake mara nyingi huihamisha tu hatari kutoka kasi moja hadi nyingine.

Alipokuwa mshauri wa kampuni ya Daimler, kuanzia mwaka 1909, Lanchester alitoa dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa gurudumu zito lililowekwa mwishoni mwa mhimili na kuunganishwa nao kwa sahani zilizolowa mafuta. Mhimili ulipotetemeka, gurudumu liliendelea na mwendo wake wa utulivu, na msuguano wa sahani ukaigeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto. Ya pili ilikuwa mihimili midogo miwili yenye uzito upande mmoja, ikizunguka kwa kupingana na kwa kasi mara mbili ya injini, ili kuutuliza mtikiso wa injini ya silinda nne. Katika miaka ya 1970, kampuni ya Mitsubishi ya Japani iliifufua njia hiyo ya pili katika magari yake.

Wakati huo huo Lanchester alikuwa mwanafunzi wa anga. Tangu mwaka 1894 alikwisha kutoa mhadhara mjini Birmingham juu ya jinsi bawa linavyobebwa na hewa, na vitabu vyake viwili vikubwa juu ya kuruka vilitoka mwaka 1907 na 1908. Mwaka 1909 Serikali ya Uingereza ilimteua katika kamati yake ya ushauri wa mambo ya anga.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigali, na mwaka huo huo ndege zao za majini zikaishambulia Kigoma kutoka Ziwa Tanganyika. Hata katika maeneo yetu ndege ilikuwa imekwisha kuwa silaha, ilhali elimu ya mitetemo yake ilikuwa bado changa. Huko Uingereza, mwaka huo huo, ndege kubwa ya mabomu ya Handley Page ilipatwa na mtetemo wa kutisha mkiani, kiasi cha kiwiliwili chake kusokotwa huku na huku. Lanchester aliitwa kuchunguza.

Ilikuwa rahisi kuzishuku injini. Yeye hakuridhika na shuku. Aligundua kwamba mtetemo haukuletwa na injini, bali ulijizalisha wenyewe kutokana na upepo na mkia kuchochea kila kimoja mwenzake. Vibawa viwili vya mkia, vinavyoielekeza pua ya ndege juu au chini, havikuwa vimeunganishwa barabara, hata kimoja kiliweza kupanda wakati kingine kinashuka. Dawa ilikuwa kuviunganisha kwa bomba gumu ili vitembee pamoja. Leonard Bairstow na wenzake walilithibitisha jambo hilo kwa hesabu.

Mwaka uliofuata, ndege ya aina nyingine, DH.9, iliugua maradhi yale yale ya mkia, na watu wakapoteza maisha. Dawa iliyoiponya ilikuwa ile ile. Msiba huo unatukumbusha kwamba haitoshi sababu ya hatari kujulikana na mtu mmoja au ofisi moja. Sharti ifike kwa kila anayeunda, anayetunza na anayerusha chombo.

Mwaka 1916 ndio pia aliotoa kitabu chake juu ya ndege vitani. Humo alionyesha kwa hesabu kwamba, katika vita vya silaha za kisasa, jeshi lenye askari mara mbili ya adui aliye sawa nalo kwa ubora huwa na nguvu mara nne. Kanuni hiyo yajulikana mpaka leo kwa jina lake.

Heshima alizipata: nishani ya dhahabu ya chama cha kifalme cha mambo ya anga mwaka 1926, na nishani ya Guggenheim mwaka 1931. Mali hakuipata. Uzeeni alipungukiwa na fedha, macho yakafifia, na maradhi ya Parkinson, yatetemeshayo viungo, yakamkamata. Alifariki Birmingham tarehe 8 Machi 1946, akiwa na umri wa miaka 77.

Siku hizi vipima mtetemo vilivyofungwa kwenye injini ya jeti humjulisha rubani iwapo panga limejeruhiwa na ndege wa angani, na mafundi husawazisha mzunguko kwa vizito vidogo. Hata hivyo, kipimo chahitaji mtu wa kukiamini. Dereva wa lori la jeshi, polisi wa doria na rubani wa helikopta, wote wana wajibu mmoja: mtikiso mpya, hata uwe mdogo namna gani, uandikwe katika daftari la chombo kabla hakijatoka tena, na fundi asitie sahihi mpaka ameijua sababu.