Mtengeneza Sabuni na Kombe Letu

Kila inapochezwa fainali ya kandanda baina ya nchi zetu za Afrika Mashariki na Kati, hapa Shika Adabu hata wale wasioujali mpira mwaka mzima hutafuta pa kutazamia. Aghalabu huuliza nani atashinda. Ni nadra kumsikia anayeuliza kombe lenyewe limetoka wapi, na hata walimu wa michezo wakiulizwa hujibu kwa jina tu: Gossage. Wengine huongeza kuwa bwana huyo ndiye aliyelitoa kwa mkono wake mnamo 1926. Hilo haliwezekani, maana wakati huo alikuwa kaburini kwa miaka 49.

William Gossage alizaliwa mwaka wa 1799 huko Burgh le Marsh, katika jimbo la Lincolnshire nchini Uingereza. Akiwa angali mtoto alipelekwa Chesterfield kujifunza kazi kwa jamaa yake aliyekuwa muuza dawa, na huko ndiko alikoipenda kemia. Baadaye alifanya biashara Leamington, kisha akaingia katika utengenezaji wa magadi kutokana na chumvi huko Stoke Prior. Kazi hiyo ilikuwa na balaa lake. Viwanda vya namna hiyo vilitoa gesi ya asidi iliyounguza miti na mimea ya majirani, na wenye mashamba wakawa hawaishi kwenda mahakamani.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Gossage alichukua kinu cha upepo kilichokwisha kuachwa, akakijaza vichaka na matawi, akamwagia maji kutoka juu huku gesi ikipandishwa kutoka chini. Maji yakainyonya gesi kabla ya kufika angani. Mnara huo aliupatia hataza mwaka wa 1836, na bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya moshi wa viwanda hivyo mwaka wa 1863, utiifu uliwezekana kwa sababu ya ugunduzi wake. Mwalimu wa kemia anayetafuta mfano wa kuwapa wanafunzi ana mfano mzuri hapa.

Lakini si mnara uliolifikisha jina lake kwetu. Mwaka wa 1850 alihamia Widnes. Vita vya Krimea vilipopunguza mafuta ya wanyama yaliyokuwa yakitoka Urusi, alichanganya sabuni na silikati ya sodiamu, akapata mche wa bei nafuu ambao mnyonge aliweza kuununua. Sabuni yake yenye madoadoa ya buluu ilisafirishwa ng'ambo kwa wingi. Alifariki tarehe 9 Aprili 1877, na mwaka wa 1919 kampuni yake ikaangukia mikononi mwa Lever Brothers.

Basi kombe la 1926 lilitolewa kwa jina la bidhaa. Lilikuwa tangazo la biashara, na sioni haya kulisema: timu zetu za kwanza za taifa zilikutana chini ya jina la sabuni. Wanaolalamika leo kwamba makampuni yameuteka mpira wadhani ni jambo jipya, ilhali hapa kwetu mlango ulifunguliwa zamani. Neno kombe lenyewe, kabla ya kuvikwa fedha na riboni, lilikuwa sahani kubwa ya kupakulia, na pia dawa ya aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa na kunywewa.

Mtazamaji mgeni ajue pia kuwa hapo mwanzo hapakuwa na fainali kama tuijuavyo. Zilikuwa Kenya na Uganda pekee. Mwaka huo wa 1926 zilitoka sare ya 1-1 jijini Nairobi, ikabidi mechi irudiwe, Kenya ikashinda 2-1. Tanganyika iliingia 1945 na Zanzibar ikafuata kabla ya muongo huo kwisha. Jina la Gossage liliondolewa baada ya 1966, na kuanzia 1973 likawa Kombe la CECAFA.

Siku hizi fainali haingoji siku ya pili. Dakika 90 zikiisha kwa sare, huongezwa 30, kisha penalti. Kwa hiyo mtazamaji asimtazame mfungaji peke yake. Amtazame kipa, na awatazame wachezaji ambao miguu imeanza kuwa mizito baada ya saa moja. Fainali ya Desemba 2017 mjini Machakos ilikuwa hivyo hasa. Kenya ilitangulia mara mbili, Zanzibar ikasawazisha mara mbili, na baada ya 2-2 Kenya ikashinda penalti 3-2. Zanzibar, ambayo ililitwaa kombe hilo mara moja tu, mwaka wa 1995 mjini Kampala, ilirudi visiwani mikono mitupu, nasi wa ng'ambo hii ya Likoni wenye ndugu Unguja na Pemba hatukujua tushangilie au tunyamaze.