John Murray, Mtu Aliyepima Maziwa

Bila shaka umepata kusimama kando ya ziwa, bwawa au kinamasi. Umetazama maji, ukajiuliza yana kina gani. Penye maji mengi hapakosi maneno mengi. Mmoja atakuambia kwamba pale katikati hapana mwisho. Mwingine atasema kwamba mtu mrefu anaweza kusimama. Lakini ukiwauliza ni nani aliyepima, wote hunyamaza.

Katika somo hili utasoma habari za mtu ambaye hakuridhika na maneno. Alitaka kupima. Jina lake ni John Murray.

1. Mwanafunzi asiye na shahada

John Murray alizaliwa tarehe 3 Machi 1841 katika mji wa Cobourg, nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa wamehamia huko kutoka Uskoti, nchi iliyo upande wa kaskazini wa Uingereza. Alipofika umri wa miaka 17, alipelekwa Uskoti kukaa na babu yake katika mji wa Bridge of Allan.

Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alisoma masomo aliyoyapenda, lakini hakumaliza kwa kupata shahada. Usidhani kwamba alikuwa mvivu. Mwaka 1868 alisafiri na meli ya kuvua nyangumi mpaka bahari ya barafu ya kaskazini. Huko alichunguza mikondo ya maji na kukusanya viumbe wa baharini.

Mwaka 1872 meli iitwayo Challenger iliondoka Uingereza kwenda kuchunguza bahari za dunia, naye Murray alikuwamo. Safari hiyo ilimalizika mwaka 1876. Wachunguzi walishusha kamba ndefu zenye uzito, wakapima kina na kuleta juu tope la chini ya bahari. Habari za safari hiyo zilijaza vitabu 50. Mkuu wa kazi hiyo alipougua na kufariki mwaka 1882, Murray aliichukua akaisimamia mpaka kitabu cha mwisho kilipotoka mwaka 1895.

2. Maziwa ya nyumbani

Sasa fikiri, msomaji. Mtu huyu alikuwa amepima bahari kuu. Aliporudi nyumbani aliona kwamba maziwa mengi ya Uskoti hayajapimwa.

Uskoti ina milima mingi, na mabonde yake yamejaa maziwa na mabwawa ya kila namna. Mengine ni marefu na membamba, mengine ni madimbwi tu. Kati yake mna vinamasi vipana. Katika vinamasi hivyo majani na mimea mingine hufa, lakini haiozi ikaisha, kwa sababu maji huzuia hewa. Hulundikana mwaka hata mwaka, ikawa udongo mweusi wenye mboji nyingi. Wanavijiji waliukata udongo huo kwa sepeto, wakauanika juani, kisha wakautumia badala ya kuni.

Maji yanayotoka katika vinamasi hivyo huwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Ndiyo sababu maziwa mengi ya Uskoti ni meusi, na mtu akichungulia haoni chini.

Murray na wenzake waliiomba serikali ipime maziwa hayo. Lakini idara ya ramani za bahari ilishughulika na bahari, na idara ya ramani za nchi ilishughulika na nchi kavu. Maziwa yakabaki bila mwenyewe.

3. Kijana Fred Pullar

Murray alikuwa na rafiki aliyeitwa Laurence Pullar. Rafiki huyo alikuwa na mtoto wa kiume, Frederick, ambaye watu walimwita Fred. Kijana huyu alipenda elimu, tena alikuwa na mikono ya ufundi. Mwaka 1897 yeye na Murray walianza kupima maziwa wenyewe, bila kuingojea serikali.

Fred alitengeneza chombo cha kupimia. Kilikuwa na gurudumu lililozungushiwa waya mwembamba, na mwisho wa waya palikuwa na kipande kizito cha risasi. Chombo kilifungwa kwenye ubavu wa mashua. Risasi iliposhuka, gurudumu lilizunguka na mshale ukaonyesha kina. Mabaharia wa pwani yetu wanaijua kazi hiyo, maana wao hupima kina kwa bildi.

Kazi ilifanywa hivi. Mtu mmoja alipiga makasia moja kwa moja kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ya pili. Kila baada ya idadi fulani ya makasia walisimama, mwenzake akashusha waya na kuandika kina. Baadaye namba zile zilichorwa juu ya karatasi, na umbo la chini ya ziwa likaonekana kama bonde lililokaushwa maji.

4. Siku ya barafu

Wakati wa baridi kali, maji ya juu ya mabwawa ya Uskoti huganda yakawa barafu. Watu huvaa viatu vyenye vyuma chini yake, wakateleza juu ya barafu kwa furaha.

Tarehe 15 Februari 1901 watu wengi walikuwa wakicheza hivyo juu ya ziwa dogo la Airthrey, karibu na Bridge of Allan. Ghafla barafu ilipasuka, na baadhi yao wakatumbukia. Fred Pullar alikuwapo. Hakusimama kutazama, bali aliingia katika maji yale ya baridi kali kuwaokoa. Katika kujaribu kuokoa wengine, yeye mwenyewe akazama na kufa.

Angalia jambo hili, msomaji. Kijana huyu alikuwa amepita juu ya maziwa yenye kina kirefu sana, akarudi salama. Kifo kilimkuta katika ziwa dogo karibu na nyumbani. Maji madogo si maji ya kudharauliwa.

5. Baba anaamua

Murray alihuzunika sana. Aliona hana tena moyo wa kuendelea na kazi ile, akataka kuiacha.

Lakini Laurence Pullar, baba aliyefiwa na mwanawe, hakutaka iachwe. Alitaka kazi aliyoipenda mwanawe imalizike, iwe kumbukumbu yake. Akatoa paundi 10,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Murray akakubali. Mwaka 1902 vijana wenye elimu waliajiriwa, nao wakaenda na vyombo vyao kutoka ziwa hata ziwa, milimani na vinamasini.

Walipima maziwa 562. Walishusha waya zaidi ya mara 60,000. Mwaka 1910 habari zote zilitolewa katika vitabu sita pamoja na ramani.

Basi yale maneno ya kubahatisha yakapata jibu. Ziwa Morar lilionekana kuwa na kina kuliko yote ya Uskoti, yaani mita 310. Ziwa Ness lilikuwa na mita 230, lakini ndilo lenye maji mengi kuliko yote. Hakuna lililokosa mwisho.

Wapimaji walishusha pia vipimajoto. Walijifunza kwamba wakati wa kiangazi maji ya juu huwa vuguvugu, na maji ya chini hubaki ya baridi. Kina kinaeleza pia kwa nini Ziwa Ness haligandi wakati mabwawa madogo yanaganda. Maji ya juu yakipoa huwa mazito, yakazama, na yenye joto zaidi yakapanda mahali pake. Katika ziwa lenye kina kirefu maji ni mengi mno, hata baridi huisha kabla hayajapoa yote. Bwawa dogo hupoa upesi, likaganda.

6. Mwisho wa Murray

John Murray alikufa katika ajali ya gari tarehe 16 Machi 1914, karibu na Edinburgh, akiwa na umri wa miaka 73. Ramani zake bado zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, na watu wanazitumia mpaka leo. Jina la Fred Pullar limo pamoja nazo.

7. Na sisi je?

Ndugu msomaji, Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na Ziwa Viktoria kama mita 80. Tunajua hayo kwa sababu wako watu waliopima. Lakini je, lambo la kijiji chako lina kina gani? Linajaa tope kiasi gani kila mwaka? Watoto wanaochota maji wanajua ni wapi panashuka ghafla?

Chukua kamba. Ifunge fundo kila baada ya nusu mita, na mwisho wake ufunge jiwe. Nendeni kwa mtumbwi ulio mzima, watu wawili au watatu wanaojua kuogelea. Usiende peke yako. Andikeni namba mnazozipata, kisha mpime tena mwaka ujao. Penye hatari wekeni alama ili kila mtu aione.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini maji ya maziwa mengi ya Uskoti ni meusi?
2. Eleza jinsi Murray na Fred walivyopima kina cha ziwa.
3. Laurence Pullar angeweza kufanya nini kingine baada ya kufiwa? Wewe ungefanya nini?
4. Ni maji gani ya kijijini kwenu yanayosemwa sana lakini hayajapimwa?