Aliyejihasibu kwa Nukta: Maisha ya Benjamin Franklin

Kuazimia ni jambo jepesi kwa mwanadamu. Mwezi wa Ramadhani unapoandama, kila mmoja hujipangia lake: huyu atahitimisha Kurani, yule ataacha tumbaku, mwingine atamlipa mwenye duka deni lake la siku nyingi. Ukimwuliza katika Mfunguo Mosi mpango ule umefika wapi, hukutazama kana kwamba umemtajia maiti wake. Wanavyuoni wetu waliujua ugonjwa huu tangu zamani, hata Imamu Ghazali akaifanyia habari ya kujihasibu nafsi kitabu kizima ndani ya Ihya yake. Lakini leo twataka kueleza habari za mtu asiyekuwa wa dini yetu, wala hatudhani kuwa alipata kumsoma Ghazali, naye akaifanya kazi hiyo kwa kalamu na karatasi. Jambo jema hatuliulizi kabila lake.

Benjamin Franklin alizaliwa katika mji wa Boston, Marekani, tarehe 17 Januari 1706. Baba yake alikuwa fundi wa sabuni na mishumaa ya shahamu, mwenye watoto 17 kwa wake wawili, na Benjamin alikuwa wa 15. Chuoni alikaa miaka miwili tu, akatolewa akiwa na miaka 10 kwa sababu mali ya baba haikutosha. Alipofika miaka 12 akafungwa kwa mkataba kuwa mwanafunzi wa kazi ya kupiga chapa kwa nduguye mkubwa, James. Huko alijifunza mambo mawili: kazi yenyewe, na kusoma usiku vitabu vya kuazima, ambavyo mara nyingine ilimlazimu kuvirudisha alfajiri. Ndugu huyo alikuwa akimpiga. Mwaka 1723, naye ni kijana wa miaka 17, akatoroka, akafika Philadelphia bila ya jamaa wala rafiki na fedha kidogo tu mfukoni.

Hatutaki msomaji adhani kwamba huyu alikuwa mtu wa kunyooka tangu utotoni. Muungwana mmoja alimwamini amkusanyie deni lake la paundi 35 hivi, naye akazila pamoja na rafiki yake mlevi. Zikapita miaka kabla hajazilipa. Alimposa binti mmoja, Deborah Read, kisha akaenda London na kumwandikia barua moja tu, hata binti wa watu akaolewa na mume asiyefaa. Huko London alikuwa amepelekwa na ahadi za gavana wa Pennsylvania, aliyesema atampa barua za dhamana. Alipofika hakuona barua yoyote. Basi akafanya kazi katika viwanda vya kupiga chapa vya watu. Wenziwe walikuwa wakinywa bia kutwa, wakiamini kuwa ndiyo itiayo nguvu. Yeye alikunywa maji, akapanda ngazi na mizigo miwili ya kalibu za herufi, mmoja kila mkono, nao wakibeba mmoja kwa mikono yote miwili. Wapo hata leo wanaofikiri kama wale wapiga chapa.

Mwaka 1726 alipanda jahazi kurejea Philadelphia, safari ya zaidi ya miezi miwili. Baharini, mahali ambapo mtu hana pa kwenda ila ndani ya nafsi yake, akaandika mpango wa namna atakavyoishi. Baadaye akafungua kiwanda chake, na mwaka 1730 akamchukua yule yule Deborah, ambaye mumewe alikuwa ametoroka, akawa mkewe.

Kabla ya kutimiza miaka 30 alijiwekea azma kubwa kuliko zote: kuishi bila ya kosa lolote. Akaona punde kwamba kutaka hakutoshi, maana alipokuwa akijilinda na kosa hili alishtukizwa na lile. Akaandika sifa 12 anazozitaka: kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza, utaratibu, azma, kutofuja mali, bidii, ukweli, uadilifu, wastani, usafi, utulivu na kujihifadhi na uasherati. Rafiki mmoja, wa madhehebu ya Quaker, akamwambia kwa upole kuwa watu wanamwona ana kiburi, na akamtajia mifano. Hapo akaongeza ya 13, unyenyekevu.

Tazama sasa alivyofanya, kwani hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Alishona daftari dogo. Kila ukurasa akauchora safu saba za siku za juma na mistari 13 ya zile sifa. Kila jioni akajikumbusha siku ilivyopita, na kila kosa akalitilia nukta nyeusi mahali pake. Lakini hakuzishika zote kwa pamoja. Juma la kwanza aliangalia kiasi peke yake, mstari ule usipate nukta. Mengine aliyaandika tu yalivyotokea. Juma la pili akaongeza kunyamaza. Ni kama mwenye kupalilia, ambaye haing'oi magugu ya shamba zima kwa siku moja bali hushika tuta moja akalimaliza. Majuma 13 yakawa mzunguko mmoja, na mizunguko minne ikawa mwaka. Asubuhi alijiuliza atafanya jema gani siku hiyo, na usiku akajiuliza amefanya lipi.

Alishangaa kuona ana makosa mengi kuliko alivyodhani. Akifuta nukta ili aanze mzunguko mpya, hata karatasi ikatoboka; ndipo akahamia kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu, mistari kwa wino mwekundu na nukta kwa penseli, akafuta kwa sponji la maji.

Utaratibu ulimshinda kabisa. Karatasi zake zilikuwa ovyo mpaka uzeeni, naye hakulificha hilo. Alijifananisha na mtu aliyenunua shoka, akataka ling'ae lote kama makali yake. Mhunzi akakubali kulinoa iwapo mwenyewe atazungusha jiwe. Alipochoka akasema ataliridhia hivyo hivyo, kwani shoka lenye madoa ndilo zuri. Na kiburi alikiri kwamba alipata sura ya unyenyekevu tu, na kwamba lau angalikishinda, huenda angaliona fahari kwa kushinda kwake. Maneno haya yatoka kwa mtu aliyeijua nafsi yake.

Ya dunia aliyoyatimiza ni mengi, nasi tutayapita mbio: maktaba ya watu kuchangiana mwaka 1731, kuacha kazi ya chapa mwaka 1748 akiwa na miaka 42 ili asome elimu ya umeme, na mtego wa radi juu ya majumba. Lugha ya Kitaliano alijifunza kwa hila ya kupendeza. Rafiki yake alikuwa akimvuta kwenye sataranji, basi akashurutisha kwamba atakayeshinda ampe mwenziwe fungu la sarufi alihifadhi kabla ya kukutana tena.

Lakini daftari lilikuwa na upungufu ambao nukta haikuuonyesha. Mkewe alikufa mwaka 1774, naye alikuwa Uingereza tangu mwaka 1764, miaka 10 hawakuonana. Mwanawe William aliposimama upande wa mfalme katika vita vya uhuru, baba hakumsamehe. Na mtu huyu aliyejihesabia uadilifu kila jioni alikuwa na watumwa nyumbani, na gazeti lake likitangaza kuuzwa kwa watumwa. Hatusemi haya kwa kujisifu: pwani yetu ya Kenya utumwa haukuondoshwa kwa sheria ila mwaka 1907. Yeye uzeeni aligeuka. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kuupinga utumwa, na Februari 1790, mgonjwa kitandani, akatia sahihi ombi la kuutaka Baraza la taifa liukomeshe. Hawakumkubalia. Akafa tarehe 17 Aprili mwaka huo huo, umri wake miaka 84.

Mizunguko yake nayo ilipungua: kutoka minne kwa mwaka ikawa mmoja, kisha mmoja kwa miaka kadhaa, kisha shughuli za safari na siasa zikamfanya aache. Daftari hakuliacha, alisafiri nalo siku zote. Alikuwa amekusudia kuandika kitabu cha kufundisha watu njia hiyo, na mwaka 1760 akamwahidi Lord Kames wa Scotland kwamba atakiandika. Kila mwaka kazi nyingine ikatangulia mbele. Mwaka 1784, alipokuwa balozi Ufaransa, akaandika habari ya zile nukta katika kurasa chache za maisha yake, nayo maisha hayo hakuyamaliza. Kitabu chenyewe hakikuandikwa kamwe.