Lloyd Mathews na Askari wa Sultani

Lloyd Mathews alizaliwa Madeira mwaka 1850, akaingia jeshi la wanamaji la Uingereza angali mtoto wa miaka 13. Mwaka 1877 alikabidhiwa kumwundia Sultani Barghash wa Unguja jeshi jipya.

Hapa, ndugu mwalimu, ndipo pa kukawia darasani. Jeshi la awali lilikuwa la Waarabu na Waajemi. Mathews aliandikisha Waafrika, wakiwamo wafungwa na watu waliookolewa utumwani. Kabla mwaka haujaisha alikuwa na askari 300.

Akafikia cheo cha Brigedia Jenerali, akawa waziri mkuu wa Sultani mwaka 1891, na mwaka 1894 Uingereza ikamtunukia nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George. Vyeo hivi vipiteni upesi.

Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipolipiga kwa mizinga jumba alimokuwa Khalid bin Barghash, askari wapatao 900 wa jeshi hilo walisimama upande wa Waingereza. Mtoto wa Busawe, asiyeijua bahari, atauliza: basi walikuwa askari wa nani? Msimkatize kwa tarehe.

Mathews alifariki Unguja mwezi Oktoba 1901, akazikwa huko huko.