Michael Faraday na Maji Mekundu ya Dhahabu

Sisi wanafunzi humjua Michael Faraday kwa sumaku na umeme, maana hayo ndiyo tuulizwayo katika mtihani. Lakini uzeeni alifanya kazi nyingine ambayo si wengi waliosikia habari zake.

Alizaliwa karibu na London tarehe 22 Septemba, 1791, mtoto wa mhunzi maskini. Shule aliipata kidogo tu. Alipokuwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akawa anavijalidi na kuvisoma. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya Humphry Davy, akaiandika, akayajalidi maandishi hayo kwa mkono wake, akampelekea mwenyewe. (Sijui nani kati yetu angethubutu kumpelekea mwalimu daftari bila kuitwa!) Mwaka uliofuata Davy akamchukua kuwa msaidizi wake katika Royal Institution.

Mambo ya 1831 nayapita, kwani yamo vitabuni. Mwaka 1856 Faraday alikuwa na miaka 64, na kumbukumbu yake ilikuwa imedhoofika sana. Hata hivyo alitaka kujua nuru hufanya nini ikikutana na dhahabu. Akatwaa maji yenye chumvi ya dhahabu, akayatia fosforasi. Yakageuka mekundu kama yakuti. Yalikuwa maangavu, wala hadubini haikuonyesha kitu ndani yake. Basi akayapitishia mwale wa nuru, na njia ya mwale ikaonekana, kama jua lipenyapo tundu la bati na kufichua vumbi la chumbani. Akafahamu kwamba dhahabu imo humo, chembe ndogo mno. Aliyaeleza hayo mbele ya Royal Society mwaka 1857. Akafariki tarehe 25 Agosti, 1867, asizione chembe zenyewe.

Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwa nini hadubini hushindwa: nuru ni mawimbi, na vitu vilivyo karibu kuliko kama nusu ya wimbi havitengeki machoni. Mwaka 1928 E. H. Synge wa Ayalandi akashauri nuru ipite katika tundu dogo kuliko wimbi lake, nalo tundu lisogezwe karibu kabisa na kitu kinachotazamwa. Chombo hicho kilitengenezwa huko Zurich katika miaka ya 1980. Kwa vyombo vya jinsi hiyo wataalamu huchora jinsi nuru inavyokusanyika kwenye kingo za chembe ya dhahabu, ambamo elektroni huyumba pamoja na wimbi. Kuyumba huko humeza nuru ya kijani na kuiacha nyekundu ipite.

Baadhi ya chupa za Faraday zingali katika Royal Institution, London, na maji yake bado ni mekundu.