Mwalimu Nyerere, wahandisi wa kwanza na marufuku ya kompyuta

MWALIMU Julius Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alizaliwa Butiama Aprili 1922. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, Mwisenge, Musoma. Kisha akaendelea Tabora, Makerere na Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Wengi humkumbuka kwa Uhuru, Muungano na Ujamaa. Wachache hukumbuka kuwa enzi zake pia kompyuta zilipigwa marufuku nchini.

Mwaka 1973, Mwalimu akiwa Rais na Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo hicho kilifungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Shabaha ilikuwa taifa lipate wahandisi wake lenyewe.

Mwaka huohuo, Profesa Donald Pederson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwanafunzi wake Laurence Nagel waliutangazia ulimwengu programu ya SPICE. Mhandisi huieleza kompyuta transista, vikinza na vipande vingine vya saketi, na jinsi vilivyounganishwa. Programu hukokotoa umeme utakavyopita kabla waya hata mmoja haujaunganishwa. Asiye na chombo hicho hukokotoa kwa karatasi, huunganisha, hupima, kisha hubomoa na kuanza upya.

Hata hivyo, mwaka 1974 Serikali ya Mwalimu ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi huo haukutokana na kuidharau elimu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha tangu mwaka 1965, lakini jitihada za kuendesha hesabu za Serikali kwa mitambo hiyo zilishindwa na kutia hasara, huku fedha za kigeni zikiwa adimu. Basi nchi ikajikuta imefungua shule ya wahandisi na, mwaka mmoja baadaye, imeufunga mlango ambao zana zao mpya zingepitia.

Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua. Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, akarejea Butiama kulima, na kufariki dunia London Oktoba 14, 1999. Amezikwa kijijini kwake.

Leo programu zilizotokana na SPICE hupatikana bila malipo, na kompyuta ndogo ya mkononi yatosha kuziendesha. Kijana wa Murangi, wilayani Musoma, aweza kuijaribu saketi yake kabla ya kununua kipande kimoja.

Mwalimu hakukosea kuhofia mashine ghali isiyo na watu wa kuimudu. Lakini watu hao ndio waliokuwa wakianza kufundishwa kule Dar es Salaam, na jembe halicheleweshwi hadi mkulima awe hodari. Uhodari huja kwa kulima.